Uzi: Ping ilikuwa kijani, simu zimekufa. OID zilizoniokoa kwenye simu za intaneti za hoteli moja Dodoma

Fundi wa Ipagala (mleta uzi)

Wakuu, habari za usiku. Huu ni uzi wa mafundi wa mtandao, pamoja na wale waliosukumiwa kazi ya simu za ofisini kwa sababu tu "si wewe ndiye mtu wa kompyuta?" Ni mrefu, chemsheni chai kwanza.

Kuna hoteli moja hapa mjini, jina naliacha. Ina simu 84 za intaneti, vyumbani, jikoni, mapokezi na getini. Ubongo wake ni Asterisk, programu ya kuendesha simu, iliyo kwenye seva ndogo nyuma ya mapokezi, chumba ambacho vumbi la Dodoma limekipenda kuliko sisi wenyewe. Kero ilianza Bunge la bajeti lilipokaa na vyumba vikajaa. Kila jioni mgeni mmoja au wawili wanashuka kulalamika kwamba simu ya chumbani haina hata mwanga kwenye kioo. Asubuhi nikifika, zote nzima. Napiga chumba kwa chumba, zinaita. Meneja akaanza kuniangalia kama mtu anayekula hela ya bure.

Na mimi nilikuwa na ushahidi wangu. Nilishafunga Zabbix, programu ya kufuatilia vifaa, inapiga ping seva na swichi zote (masanduku yanayogawa mtandao) kila dakika. Kijani tupu, miezi miwili.

Shida ilikuwa swali nililokuwa nauliza. Ping ni kubisha hodi. Ukiitikiwa "karibu" hujajua kama ndani kuna mgonjwa. Seva ilikuwepo, swichi zilikuwepo, ila hakuna aliyeulizwa "una simu ngapi sasa hivi?" wala "umeme unaogawa umefika wapi?" Maswali hayo yanaulizwa kwa SNMP, lugha ya kuuliza vifaa vya mtandao hali zao, na kila swali lina namba yake, ndiyo OID.

Niliongeza namba mbili tu kwenye ile swichi ya ghorofa ya pili, yenye poti 48 na bajeti ya wati 370 za kuwasha vifaa kupitia kebo ya mtandao:

1.3.6.1.2.1.105.1.3.1.1.4 (jumla ya wati zinazotumika)
1.3.6.1.2.1.105.1.1.1.6 (hali ya umeme kwa kila poti, 3 maana yake inapewa umeme)

Usiku mmoja ulitosha. Mchana mstari wa wati unatembea kwenye 280 hivi. Ikifika saa 12 na nusu jioni unapanda kama umepigwa teke, unagonga 368, unalala hapo hapo mpaka alfajiri. Na poti 5 za mwisho zinaacha kusoma 3.

Mmeshajua? Kamera. Fundi mwingine alikuja kufunga kamera 18, akazichomeka poti za mwanzo, simu 30 akazisogeza nyuma. Mchana kamera inakula wati 9. Giza likiingia zinawasha taa zake za infraredi, kila moja inapanda mpaka wati 15 hivi. Piga hesabu: 18 mara 15 ni 270, simu 30 kwa wati 4 ni 120, jumla 390 kwenye bajeti ya 370. Swichi nyingi, kama poti zote zina kipaumbele sawa, hunyima zile zenye namba kubwa. Huko ndiko simu zilikohamishiwa. Jua likichomoza, taa zinazimika, simu zinafufuka, nami naingia getini na begi langu kukuta kila kitu kizuri.

Nilipeleka kamera 8 kwenye swichi nyingine na simu nikazipa kipaumbele cha juu. Basi. Miezi miwili ya lawama kwa kosa la wati 20.

Nauliza wenzangu: kwenye simu za intaneti nyie mnafuatilia OID zipi? Tuweke hapa zile zinazosaidia kweli. Orodha za namba elfu moja kila mtu anajua kuzipakua.

Zabibu Mbichi

Mkuu nimesoma yote na stori ya kamera nimeielewa, ila hiyo namba ndefu ndiyo imenipoteza. Nani anazitunga? Unazikariri?

Fundi wa Ipagala

Hakuna anayezikariri mdogo wangu, ukiona mtu anazikariri mwombee.

Wewe uko Dodoma? Basi unajua viwanja vyetu. Mtu akikwambia Nkuhungu, Kitalu fulani, Kiwanja namba fulani, unaenda moja kwa moja bila kuuliza bodaboda. OID ni hivyo hivyo, kila nukta ni kukata kona kuingia ndani zaidi. Zote tunazotumia sisi zinaanzia 1.3.6.1, huo ndio mji wa intaneti. Ukiendelea na 2.1 umeingia mtaa wa wote, vitu vilivyokubaliwa kwa pamoja: poti za swichi, muda tangu kifaa kiwake, hata betri za UPS. Ukiendelea na 4.1 umeingia mtaa wa watengenezaji. Pale kila kampuni hupewa kiwanja chake na IANA, wagawaji wa namba za intaneti, ndani yake inajenga inavyotaka. Cisco ni kiwanja namba 9. MikroTik ni 14988. Digium, walioilea Asterisk, ni 22736.

MIB ndiyo ramani ya mipango miji, inakwambia kiwanja hiki ni duka na kile ni choo. Bila ramani unaona namba inajibu 4 na hujui ni simu 4 au ni nyuzijoto 4.

Kebo Nyekundu

Naweka kambi hapa.

Binti Seva

Asante mleta uzi. Naongezea upande wa Asterisk maana wengi hawajui kwamba inaongea SNMP yenyewe. Inatumia moduli inaitwa res_snmp. Kwanza hakikisha ipo:

asterisk -rx "module show like res_snmp"

Ikiwa haipo, Asterisk yako ilijengwa bila maktaba za Net-SNMP (programu huria ya SNMP), itabidi uijenge upya au utafute kifurushi chenye hiyo moduli. Ikiwepo, kwenye res_snmp.conf weka subagent = yes na enabled = yes, na kwenye snmpd.conf weka mstari wa master agentx. Hapo snmpd, programu inayojibu maswali ya SNMP kwenye seva, anakuwa mwenyekiti wa mtaa, Asterisk anakuwa balozi wa nyumba kumi: maswali ya 22736 yakija, mwenyekiti anampelekea balozi.

Mtego wa kwanza ambao ulinila Jumamosi nzima: ile soketi /var/agentx/master, mlango wanaoongelea hao wawili, kwa kawaida inamilikiwa na root (msimamizi mkuu wa seva), na Asterisk inaendeshwa na mtumiaji wa jina asterisk. Haiwezi kuifungua, inakaa kimya, na wewe unapata jibu la "hakuna kitu kwenye OID hii". Dawa ni mstari wa agentXPerms kwenye snmpd.conf unaoruhusu kundi la asterisk.

Ukishapita hapo, mimi naangalia hizi:

1.3.6.1.4.1.22736.1.2.5.0 ni simu zinazoongea sasa hivi.
1.3.6.1.4.1.22736.1.2.6.0 ni simu zote zilizopita tangu Asterisk iwake.
1.3.6.1.4.1.22736.1.5.1.0 ni chaneli zilizo wazi.

Hiyo ya pili ikirudi sifuri katikati ya siku na hakuna aliyegusa seva, Asterisk imeanguka na kunyanyuka yenyewe. Watumiaji hawakwambii kitu kama hicho, wanakwambia "simu ilikatika ghafla nikapiga tena".

Na sasa ubaya wake. Idadi ya simu zilizojisajili, yaani zilizojitambulisha kwa seva, ambayo ndiyo kila mtu anaitaka, HAIMO kwenye MIB ya Asterisk. Wenzetu wa Cisco wanayo bure, 1.3.6.1.4.1.9.9.156.1.5.5.0 kwa zilizosajiliwa na .6.0 kwa zilizopotea. Sisi tunajitengenezea.

Zabibu Mbichi

Dada hapo kwenye kujitengenezea usituache njiani.

Binti Seva

Siachi mtu. Net-SNMP ina kitu kinaitwa extend: unampa snmpd skripti, yeye anakupa OID. Skripti yangu ni mstari mmoja:

asterisk -rx "pjsip show contacts" | grep -c Avail

Herufi A iwe kubwa hivyo hivyo, usije ukahesabu na zile za Unavail. Lazima pia uwe umewasha qualify (Asterisk kuzikagua simu mara kwa mara) kwenye mipangilio, la sivyo zote zitasoma NonQual na utapata sifuri ya kukutoa roho. Halafu mtumiaji wa snmpd hana ruhusa ya kuiendesha hiyo amri, mpe kwa sudo (kibali cha kuendesha amri kama mtumiaji mwingine), hiyo amri peke yake na si kila kitu.

Kwenye snmpd.conf unaandika extend simu /usr/local/bin/simu.sh na jibu linakaa hapa:

1.3.6.1.4.1.8072.1.3.2.3.1.1.4.115.105.109.117

Huo mkia msiuogope. 4 ni idadi ya herufi, halafu 115 ni s, 105 ni i, 109 ni m, 117 ni u. Yaani neno "simu" limeandikwa kwa namba. Siku nilipogundua hilo nilicheka peke yangu ofisini mpaka mhasibu akaja kuchungulia.

Mzee wa Kaunta

Vijana mnafanya vizuri. Niongeze la kizamani.

Namba za SNMP ziko za tabia mbili. Kuna geji, hii inakwambia hali ya sasa na kusahau: simu 7 zinaongea, wati 280. Na kuna kaunta, hii inajumlisha tu, haisahau. Ukiuliza kila dakika 5 na tatizo lako linadumu sekunde 10, geji haitakuonyesha kitu. Kaunta itakuonyesha hata ukichelewa saa nzima. Sauti huharibiwa na mambo ya sekunde 10. Kwa hiyo kwenye simu mimi nazipenda kaunta za pakiti zilizotupwa: 1.3.6.1.2.1.2.2.1.19 kwa zinazotupwa zikitoka kwenye poti, na .14 kwa zilizoingia zimeharibika. Ya kwanza ikipanda, kuna foleni. Ya pili ikipanda, kashike kebo, kagua kichwa chake, na kama ni dari la jengo la zamani huku Majengo, kagua na panya.

Zipo kaunta za zamani za biti 32, hizo hujaa zikaanza upya. Poti ya gigabiti 1 ikiwa imejaa inaimaliza kwa sekunde 34 tu, grafu yako inakuwa ya uongo. Tumieni zile za biti 64 zilizo kwenye 1.3.6.1.2.1.31.1.1.1, .6 kuingia na .10 kutoka. Na ule muda wa kuwaka, 1.3.6.1.2.1.1.3.0, nao hurudi sifuri baada ya siku 497 hata kama hakuna kilichozimika. Nimeshaamshwa usiku na hiyo. Swichi ilikuwa haijazimwa mwaka na miezi minne, nikaendesha gari mpaka Ihumwa kwenda kuitazama ikinitazama.

Vumbi la Bahi

Wakuu mimi ninalo la kwangu. Tuna ofisi ndogo Bahi, makao makuu ni hapa mjini, katikati kuna kiungo cha redio. Simu 10 tu kule. Kila kitu kijani, simu zote zimesajiliwa, lakini asubuhi mtu akiongea anasikika kama yuko ndani ya pipa na maneno yanamezwa. Nimeambiwa niongeze kasi ya intaneti. Bosi hataki kusikia gharama mpya.

Kebo Nyekundu

Hapa ndipo huwa nabishana na watu wa SNMP. SNMP haisikii sauti. Inaona nyumba na mlango, mazungumzo haiyasikii. Unaweza kuwa na OID 200 za kijani na mteja hasikii kitu. Sauti inasafiri kwa RTP, na taarifa za ubora wake ziko kwenye RTCP, ambazo simu zenyewe zinapeana. Nenda kwenye Asterisk, andika pjsip show channelstats simu ikiwa hewani, utaona pakiti zilizopotea kila upande. Hizo namba hazimo kwenye MIB ya Asterisk.

Na usiongeze kasi kwanza. Simu moja ya G.711, namna ya kawaida ya kugeuza sauti kuwa data, inatuma pakiti 50 kwa sekunde, kama kilobiti 87 hivi kila upande ukihesabu na vichwa vya pakiti. Simu zote 10 zikiongea kwa pamoja hazifiki megabiti 1. Kiungo chako hakiwezi kushindwa na hizo.

Mzee wa Kaunta

Kebo Nyekundu yuko sahihi kwenye sauti, ila daktari haachi kupima joto kwa sababu kipimajoto hakioni malaria. Vumbi, soma ile .19 kwenye poti ya ruta inayotazama redio, pande zote mbili, kila dakika. Uje na jibu kesho.

Na hakikisha unasoma poti ambayo ndiyo. Namba za poti kwenye vifaa vingine hubadilika kikiwashwa upya, ukajikuta unafuatilia poti ya printa. Ipe poti jina, halafu lisome kwenye 1.3.6.1.2.1.31.1.1.1.18.

Kebo Nyekundu

Kabla hatujaendelea, naomba kila aliyepo hapa aangalie kama neno lake la siri la SNMP bado ni "public". Msijibu, nendeni mkabadilishe. Toleo la 1 na la 2c hupitisha hilo neno waziwazi, yeyote aliye kwenye mtandao anaweza kulisoma. Tumia toleo la 3 lenye kuthibitisha na kusimba, mtumiaji wa kusoma tu, na poti 161 ya UDP isionekane nje kabisa. SNMP iliyo wazi hutumiwa na watu wa mbali kupiga mafuriko mitandao ya wengine, swali dogo jibu kubwa.

Ofisi moja niliyoitwa, jina kapuni, walikuwa wamefungua 5060, poti ya kupigia simu za intaneti, kwa dunia nzima na ekstensheni 100 neno lake la siri ni 100. Wikiendi moja tu. Jumatatu salio la laini limeisha, simu zimeenda nchi ambazo hakuna mtu ofisini ana hata shemeji huko. Ile OID ya Binti Seva, ya simu zinazoongea sasa hivi, ingewaambia Ijumaa usiku. Sasa hivi kila ninapofunga, naweka kengele: kati ya saa 4 usiku na saa 12 asubuhi, simu zaidi ya 2, niamshe.

Fundi wa Ipagala

Hiyo ya usiku nimeiiba leo leo. Ila hotelini nimeweka 6, wageni wetu wengine hupigiana chumba kwa chumba usiku wa manane na mimi si polisi.

Niongeze UPS, maana umeme wetu tunaujua. UPS yenye kadi ya mtandao inajibu kwenye 1.3.6.1.2.1.33, mtaa wa wote, haijalishi mtengenezaji ilimradi kafuata kanuni. Nasoma .1.2.2.0, sekunde tangu ihamie betri, na .1.2.3.0, dakika zilizobaki. Msiziamini sana hizo dakika kama betri zina miaka mitatu kwenye joto la hapa. UPS ya hoteli ilisema dakika 22, ikazima kwa dakika 6.

Vumbi la Bahi

Nimerudi wakuu. Upande wa Bahi, poti ya redio, tangu saa 12 asubuhi mpaka saa 4 kasoro kaunta imesimama palepale. Saa 4 mpaka saa 5 imepanda zaidi ya 41,000. Halafu imetulia. Yaani hata sikuhitaji grafu, niliona kwa macho namba zinakimbia.

Nikazunguka ofisini saa 4 na dakika 10. Dada wa masjala amefungua kompyuta, anapandisha mafaili yaliyoskaniwa kwenda makao makuu, folda nzima kwa mkupuo. Ni utaratibu, kila siku baada ya chai. Kiungo kinajaa, pakiti za simu zinapanga foleni nyuma ya barua za mwaka juzi.

Binti Seva

Simu zako zinatia alama ya DSCP 46, ile ya kusema "pakiti hii ina haraka", kwenye sauti? Nyingi zinaweza, mara nyingine ni kuwasha tu. Halafu kwenye ruta ya pande zote mbili tengeneza foleni ya kwanza kwa pakiti zenye 46, hizo zipite kwanza, mafaili yasubiri. Na kasi ya kutoka ibane kidogo chini ya uwezo wa redio, la sivyo foleni inatokea ndani ya redio ambako sheria zako hazifiki.

Vumbi la Bahi

Mrejesho wa siku ya tatu. Kaunta ya jumla bado inapanda saa 4, ila pakiti zinazotupwa ni za mafaili, foleni ya sauti ni sifuri. Dada wa masjala anasema mafaili yamechelewa kama dakika 7. Bosi kapiga kutoka mjini saa 4 na robo, kaongea dakika 20, akamaliza kwa kuniuliza ile kasi mpya ya intaneti ilitugharimu kiasi gani. Nimenyamaza.

Zabibu Mbichi

Mimi nimefunga Net-SNMP kwenye laptop nikaiuliza yenyewe. Imenijibu jina lake na muda iliowaka. Najua ni kitu kidogo kwenu, msinicheke.

Mzee wa Kaunta

Hakuna wa kukucheka. Kesho iulize swichi.

Fundi wa Ipagala

Na mimi niwape ya jana. Saa 2 usiku niko nyumbani nakula, simu ya meneja: "Chumba cha 214 simu imekufa, yale yale yamerudi!" Nikafungua grafu kwenye simu yangu. Zilizosajiliwa 83 badala ya 84. Wati za swichi ya ghorofa ya pili ziko mbali na dari, kwa hiyo si kamera. Poti ya 214 inasoma 2, maana yake swichi inatafuta kifaa cha kukipa umeme na haikioni. Lakini hiyo hiyo poti iko hewani na inapitisha megabiti 9 kwa sekunde.

Nikamwambia mhudumu apande, agonge mlango kwa adabu, aangalie nyuma ya meza. Mgeni alikuwa kachomoa kebo kwenye simu kaichomeka kwenye laptop, anaangalia mpira.